Nyimbo za Upande Mmoja wa Kanda

Kama umetumwa upande wa nyuma wa hospitali, kwenye benchi lililowekwa nje chini ya bati ili upepo upite, keti. Nimelikalia benchi hilo mara mbili katika maisha yangu, na mara ya pili nililikalia kwa aibu. Najua watu wanavyopita hapo wamejiziba pua kwa kitenge. Najua unavyojifanya unasoma bango la ukutani na kumbe umeshalikariri. Mimi nimepona. Nalima, na naendesha baiskeli kutoka Mwamapalala hadi Bariadi mjini bila kushuka kupumzika. Masikio yangu ni habari nyingine, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Naitwa Maduhu. Kabla ya kuugua nilikuwa manju, yaani mtunzi na mwimbishaji wa kundi la ngoma. Kwetu Usukumani makundi hushindana baada ya mavuno. Makundi mawili huingia uwanja mmoja, yakapiga kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi kuja upande wake. Watazamaji wakikukimbia, umeshindwa, huna pa kukata rufaa. Mimi nilikuwa na sauti ya kumtoa mtu shambani kwake, na miguuni nilifunga njuga, vikengele vya chuma vilivyolia kwa ukali kila nilipokanyaga. Nikitikisa mguu mara moja tu, wa upande wa pili waligeuza shingo. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli.

Kifua kikuu kiliponipata mara ya kwanza nilipewa vidonge, nikavimeza miezi mitatu, nikanenepa, kikohozi kikakoma. Kisha mavuno yakafika na shindano kubwa likatangazwa. Kila kundi lina fundi wake wa dawa ya mvuto, ile ya kuvuta watu uwanjani, na fundi wetu alikuwa mzee niliyemwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe. Aliniambia dawa yake haikai tumbo moja na vidonge vya hospitali, nichague. Nikachagua. Vidonge nilivitia ndani ya kibuyu, nikachanjwa chale, nikaingia uwanjani. Tulishinda. Wapinzani wetu walibaki wakipigiana ngoma wao kwa wao. Mke wangu Minza alikuwa amesimama pembeni na hakupiga kigelegele hata kimoja.

Vidonge sikuvirudia. Nilijiona mzima. Miezi minne baadaye, mvua za kwanza zilipoanguka na tukawa tunapanda pamba, nilikohoa nikatema damu juu ya mstari niliokuwa nimeuchimba.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Minza alisema. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha akalichukua jembe langu akaendelea na mstari wangu.

Kadi yangu ya pili iliandikwa kwamba nimerudia. Anayerudia alipewa adhabu yake: vidonge miezi minane, na juu yake sindano kila siku kwa miezi miwili ya mwanzo. Kutoka Mwamapalala nisingeweza kwenda na kurudi kila siku, basi nikahamia Somanda, hapo Bariadi mjini, kwa shangazi yangu, karibu na hospitali. Shangazi alinipa chumba cha uani, sahani yangu na kikombe changu, na kikombe hicho alikipaka rangi nyekundu penye kishikio ili kisichanganyike na vya wengine. Sikumlaumu. Ana wajukuu. Lakini kila nilipokishika niliifunika rangi ile kwa kiganja.

Mwili wangu ulikuwa umekwisha. Mkanda wa suruali niliutoboa matundu matatu mapya kwa msumari. Makalio yalikonda hadi Sista Kwandu, nesi wa kliniki ile, akawa anatafuta mahali pa kuchoma huku akinitania kwamba nimemletea mifupa badala ya mtu. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa, na siku ya kwanza nilidhani ni damu, nikarudi kwake mbio. Alicheka, akanieleza kwamba ni dawa, akanipa mkono. Ulikuwa ni mkono wa kwanza kunishika kwa wiki nzima ukiacha ule wa sindano, ambao nao ulikuwa wake.

Kila asubuhi kabla ya kuchoma aliniuliza maswali yaleyale. Nimekula? Kizunguzungu? Masikio yanalia? Nilijibu tu, kama mtu anavyoitikia salamu.

Huko nyumbani baba mkwe alikuja kumchukua binti yake, akisema atamrudisha ikijulikana kama nitaishi. Minza alimpikia, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia ameshapanda pamba na hawezi kuiacha iliwe na magugu. Mzee akaondoka peke yake. Minza alikuja mjini kila Jumamosi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikaa mbali kidogo nami, akauliza swali moja, kama nimemeza, akahesabu vidonge vilivyobaki, akaondoka. Habari za ngoma hazikutajwa kati yetu tena.

Wiki ya tatu Sista Kwandu alisema sasa naweza kukaa na watu bila kuwadhuru. Watu wenyewe hawakuwa na habari hiyo. Nilizunguka Somanda nikitafuta pa kukaa, na ndipo nilipopita dukani kwa Mama Rukia.

Mama Rukia alikuwa mfanyabiashara kutoka Tabora, mjane, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alidurufu kanda za kaseti. Ukitaka taarabu, kwaya, dansi au ngoma za kwetu, ulimpelekea kanda tupu, akakutilia. Kanda za kundi langu alizidurufu sana, kwa hiyo tulifahamiana. Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeleta kampuni binafsi za kununua pamba, na kila kampuni ilitembeza gari lenye spika vijijini kuwavuta wakulima. Zilitaka muziki mfupi wa matangazo. Mama Rukia aliona mbali. Alinunua Mwanza kompyuta iliyokwishatumika, pamoja na programu ya kutengeneza muziki, halafu akagundua kwamba Bariadi nzima hakuna aliyejua kuitumia, yeye mwenyewe akiwemo.

Alipenda kujua kila jambo kwa mwenye jambo. Nilipofika hakunikimbia wala hakunikaribisha. Alifunga duka, akaenda hospitali kwa miguu, akamuuliza Sista Kwandu waziwazi kama mimi ni hatari. Akarudi, akafungua madirisha yote mawili, akanitolea kiti.

"Mimi najua kusoma Kiingereza cha kubabaisha, wewe unajua ngoma," aliniambia. "Tukae hapa mpaka mashine hii itutii."

Nilimwambia sijawahi kugusa kompyuta. Akasema hata yeye hakuzaliwa nayo.

Sharti lake lilikuwa moja, na mpaka leo sijaona ualimu uliolishinda. Aliweka kanda ya mteja kwenye mashine ya kudurufu, akabonyeza. Upande mmoja wa kanda huchukua nusu saa, kisha kitufe hujifyatua chenyewe, ta! Katika nusu saa hiyo ilinipasa nitunge wimbo mfupi, wa dakika moja au chini yake, niupe jina na kuuhifadhi. Kitufe kikifyatuka, mkono juu. Wimbo ukiwa mbovu, unabaki mbovu. Kuurudia kesho ni marufuku, kesho una wimbo mwingine.

Mimi, manju niliyezoea kukaa na wimbo msimu mzima, nilibisha. Nilisema wimbo hauivi kwa nusu saa. Mama Rukia alinijibu akiwa anapanga kanda zake, bila hata kunitazama.

"Hatupiki wimbo, Maduhu. Tunajifunza jiko. Mbovu uliokwisha utatufundisha kuliko mzuri ulio kichwani mwako."

Programu ile ilionyesha visanduku kumi na sita kwa mstari. Ukibofya kisanduku kinawaka, na mashine ikifika hapo inapiga. Mstari mmoja wa ngoma kubwa, mwingine wa ngoma ndogo, mwingine wa kengele. Wimbo wangu wa kwanza ulitoka kama sufuria zinazoanguka kabatini. Wa pili vilevile. Nilikuwa naingiza mapigo ya kwetu, na kila mara mapigo yalipozunguka yalirudi yakiwa yamevunjika, kama mchezaji aliyeachwa na mguu mmoja. Siku ya nne niliacha kompyuta nikasimama katikati ya duka, nikacheza polepole huku nikihesabu kwa vidole, na pumzi ikinikatika. Hesabu ilitoka kumi na mbili. Ngoma yetu huzunguka kwa kumi na mbili, na mashine ilinilazimisha kumi na sita. Mama Rukia akachukua kamusi, akasoma kila neno lililoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, moja baada ya jingine, kanda mbili nzima zikafyatuka. Akapata mahali pa kubadili hesabu. Nilipobonyeza tena, ngoma ilizunguka ikafunga vizuri kabisa. Nikaibonyeza tena na tena. Mama Rukia alivua miwani akaifuta, akasema haya, kanda inaendelea, taja jina la wimbo.

Nikauita "Kumi na Mbili". Baadaye zikafuata "Kikombe Chekundu", "Sista Kachelewa", "Mifupa ya Maduhu" na "Mkwe Karudi Peke Yake". Nilikuwa nacheka mwenyewe. Asubuhi nilichomwa sindano, nikameza vidonge mbele ya Sista Kwandu, nikapumzika mpaka kichefuchefu kipite, kisha nikaenda dukani kutunga. Sauti ya kuimba sikuwa nayo, pumzi ya kucheza sikuwa nayo, lakini kwa kidole kimoja niliongoza kundi zima. Katika mashine kulikuwa na sauti ya vikengele iliyofanana na njuga, na kila wimbo niliufungua kwa njuga, ili asikiaye ajue ni mimi. Wateja wakaanza kusimama mlangoni kusikiliza. Siku moja mteja mmoja aliingia ndani kabisa, akavuta kiti akakaa kando yangu.

Sasa nifike kwenye kosa langu la pili, maana huenda na wewe unalitenda.

Katika wiki ya sita masikio yalianza kulia. Mwanzoni kama nyenje mmoja wa mbali, kisha nyenje wengi, mchana kutwa. Nikiinuka ghafla nyumba ilizunguka. Sista Kwandu alipouliza asubuhi, masikio yanalia? nilimjibu hayalii. Nilijua ni sindano inayokula masikio, lakini niliogopa vitu viwili. Niliogopa akisimamisha sindano damu itarudi na safari hii itanimaliza. Na niliogopa aone kwamba mimi ni yuleyule, mtu wa kutafuta sababu ya kuacha dawa. Niliwahi kuacha dawa kwa ajili ya ngoma. Ningemwambiaje sasa kwamba nahofia masikio yangu, kwa ajili ya ngoma tena? Nikasema moyoni, kama ni kulipa, nilipe kwa masikio, lakini Minza asiwe mjane. Nikaendelea kuchomwa.

Sikumwambia Mama Rukia pia. Hakuhitaji kuambiwa. Nyimbo zote alikuwa amezipanga kwa tarehe, kama anavyopanga kanda. Siku ya Jumatatu nilipofika hakuweka kanda ya mteja. Alifunga mlango nusu, akaniambia niketi, akaanza kupiga nyimbo zangu kuanzia wa kwanza, ishirini na tatu zote. Zile za karibuni nilizipenda, njuga zake zilisikika vizuri. Za mwanzo zilianza na kimya, kisha ngoma ikaingia.

Aliuliza nimeona tofauti gani. Nikamwambia hapo mwanzo nilikuwa bado sijajua kuweka njuga.

"Uliziweka," alisema.

Nilikataa. Akaufungua tena ule wa "Kumi na Mbili", akaniashiria kioo. Mstari wa njuga ulikuwa unawaka. Niliuona mshale ukipita juu ya visanduku vyangu, kimoja kimoja, vyote vikimulika, na sikusikia kitu. Nikasogeza sikio kwenye spika mpaka likaigusa. Nyenje tu. Mama Rukia akaufungua wa mwisho, akanionyesha kwa kidole pale nilipokuwa nimepandisha sauti ya njuga hadi juu kabisa. Akasema wateja wameacha kusimama mlangoni tangu wiki iliyopita, kwa sababu nyimbo zangu zinachoma masikio, na yeye alidhani nimekasirika na jambo, mpaka alipozipanga akaona njuga zinapanda kila siku kidogo.

Nililia. Sikulia hivyo hata siku ya damu. Nilimweleza yote, hofu ya damu na hofu ya aibu. Kisha Mama Rukia akazitia nyimbo zote ishirini na tatu kwenye kanda moja, kwa mpangilio wa tarehe, akachukua redio yake ya betri, akafunga duka mchana kweupe. Tukaenda hospitali, yeye mbele, redio kichwani.

Tulikaa kwenye benchi letu la nje. Sista Kwandu alipotoka, Mama Rukia hakumweleza, alibonyeza tu. Wagonjwa wote pale benchini wakasikiliza. Sista alisimama na trei yake mkononi, na kufikia wimbo wa kumi na tano akaiweka trei chini. Akaingia ndani kumwita daktari. Daktari naye akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tarehe za kila wimbo, Mama Rukia akamtajia kutoka daftari lake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Sista Kwandu aliniambia walipomaliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Nakuuliza kila siku, Maduhu. Ulidhani nakusalimia?"

Daktari alisimamisha sindano siku hiyo. Alisema vidonge vitabeba kazi iliyobaki, ila nisiruke hata siku moja, na kwamba sauti nilizokwisha kuzipoteza huenda zisirudi. Nilimuuliza kuhusu damu. Alisema tutapima makohozi na kusubiri.

Basi tulisubiri. Minza alipokuja Jumamosi nilimwambia mwenyewe. Niliona uso wake ukibadilika niliposema sindano imeachwa, nikajua anawaza kibuyu cha vidonge. Aliondoka bila kuniaga, akaenda kliniki, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema Sista amemweleza, na kwamba tangu leo atakuja Jumatano pia. Kwa mara ya kwanza tangu damu aliketi karibu nami, akanywa maji kwa kikombe chekundu. Shangazi alishangaa, kesho yake akakisugua rangi kwa mchanga.

Makohozi yaliyopimwa wakati wa palizi yalitoka safi. Ya wakati pamba inapochanua, safi. Nyenje walipungua mpaka wakabaki wawili watatu wavivu. Njuga hazikurudi, wala ndege wa alfajiri, wala herufi kadhaa katika maneno ya watu, ambazo sasa nazisoma midomoni. Ngoma kubwa naisikia vizuri, kifuani hasa. Mama Rukia hakubadili sharti lake hata chembe kwa kunionea huruma. Kitufe kilifyatuka kila nusu saa, na mimi nikajifunza kuweka njuga kwa macho, nikipima urefu wa mstari wa sauti kwenye kioo, na yeye akiniambia zinatosha au zimezidi. Sijakutana na mwanamume wala mwanamke mwenye sikio kama lake, na hakuwahi kupiga ngoma maishani.

Kidonge cha mwisho nilikimeza Julai, magari ya kampuni za pamba yakiwa yameshaanza kuzunguka. Moja lilipita mbele ya hospitali likipiga "Mkwe Karudi Peke Yake", na watu wa benchini walitikisa vichwa kufuata mapigo. Vijijini ngoma za mavuno zilikuwa zinaanza. Kundi langu lilipeleka mtu kunialika, nami nikamjibu kwamba nitawatungia, uwanjani watanisamehe.

Kama upo kwenye benchi hilo sasa, kesho asubuhi utaulizwa kuhusu masikio. Usijibu kama unaitikia salamu. Jibu baada ya kusikiliza.

Siku ile ya kidonge cha mwisho Minza aliingia dukani kwa Mama Rukia kwa mara ya kwanza. Sikumtarajia. Mwanamke huyu alikuwa hajataja neno ngoma tangu shindano lile, na mimi nilikuwa katikati ya wimbo, kanda ikizunguka. Mama Rukia akainuka, akampa kiti chake kando ya spika, akaenda zake mlangoni. Nikabonyeza. Niliona visanduku vya njuga vinawaka, nikamtazama mke wangu usoni kwa sababu huko ndiko ningeweza kujua. Alikunja uso. Nikashusha kidogo. Akatikisa kichwa, bado. Nikashusha tena, polepole, na akainua mkono.

"Hapo," alisema. "Hapo ni wewe."

Kitufe kikafyatuka. Tangu siku hiyo nimetunga nyimbo nyingi kuliko ninavyoweza kuzitaja majina, zote za upande mmoja wa kanda, hata baada ya kanda zenyewe kwisha duniani. Zote zinaanza na njuga. Minza huketi kando ya spika, mimi namtazama mkono.